Beti nilizoziruka

Mama ameshona kofia tangu nipate fahamu. Ni kofia za kiua, zile ambazo kitambaa hutobolewa tundu ndogondogo kwa mamia, kila tundu ikazungushiwa uzi, na kofia moja ikachukua miezi. Kwa hiyo siku aliponiita nimtungie uzi kwenye sindano sikushtuka, umri umekwenda. Nikamtungia. Punde akaniita tena, uzi umechomoka. Mara ya tatu nikasimama nikamtazama, nikaona hashoni. Kidole gumba chake kilikuwa kinapita juu ya kitambaa, tundu hata tundu, kinahesabu. Uso ameuinua, anaelekea ukutani. Katikati ya mboni ya jicho la kulia palikuwa na weupe kama tone la tui.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu kaskazi," akasema. "Nalidhani taa ndiyo mbovu."

Wakati huo kusi ilikuwa imeshashika. Miezi ile yote alikuwa akipapasa, na mimi namo humo humo ndani ya nyumba.

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Lenzi ya jicho, inayotakiwa iwe safi kama kioo, huingia ukungu polepole mpaka mwanga ukakosa njia. Tiba yake ni kupasuliwa: lenzi iliyochafuka hutolewa, ikawekwa nyingine ya kutengenezwa, jicho moja kwanza, la pili baadaye. Mgonjwa halazwi usingizi, hutiwa ganzi ya jicho tu. Lakini mama ana sukari, na sukari yake siku hiyo ilikuwa juu sana. Mwenye sukari iliyopanda hapasuliwi kwa haraka, maana kidonda hukawia kupona na wadudu hupata njia. Ishuke kwanza. Tukangoja miezi saba.

Ni katika miezi hiyo saba ndipo nilipojifunza kusoma. Nasema hivyo nami nimemaliza kidato cha nne, na kazi yangu ya kila siku ni kuandika hesabu za duka la vifaa vya ujenzi huku Langoni, Lamu. Nilikuwa msomaji wa kimya na wa haraka. Nasoma kwenye simu, nasoma ndani ya boti, naruka maelezo nikitafuta nani kamwambia nini nani. Kitabu kikiisha nakihesabu, naingia kingine. Ukiniuliza wiki mbili baadaye, nimebaki na jina la mwandishi na jinsi kilivyokwisha.

Mama hakwenda skuli. Alisoma chuoni, yaani madrasani, akahitimu Kurani, na Kiswahili anakisoma kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa na mama yake. Herufi za Kizungu anazijua za jina lake tu. Kwa hivyo vitabu vyangu vyote, tangu darasa la kwanza, vilikuwa vyangu peke yangu ndani ya nyumba ile. Sikuwahi kulifikiria jambo hilo mpaka siku alipokosa hata vile vyake.

Usiku mmoja stima ilikatika. Nilikuwa nimekaa ukumbini, simu mkononi, nasoma. Mama alikuwa amejilaza kitandani karibu na mlango, macho wazi.

"Wafanyani?"

"Nasoma kitabu, mama."

Akanyamaza kidogo. "Basi na mimi?"

Alitaka Utendi wa Mwana Kupona. Nilikuwa nao, nakala ya zamani ya tangu skuli, imelegea mshono. Nilikwenda kuutoa kidakani na moyo mzito, na sababu yake lazima niiseme.

Utendi huu kwetu Lamu si kitabu cha dukani tu. Mwana Kupona binti Msham alizaliwa Pate, akaolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, na mwaka 1858, hali ni mgonjwa, akatunga beti zaidi ya 100 kumuusia binti yake, Mwana Hashima. Hakuishi sana baada ya hapo. Tangu wakati huo wasia wake umekuwa ukikaririwa na wanawake wa visiwa hivi, na mimi nilisomewa na somo wangu, mwenye kunifunda, wiki ya harusi yangu. Radhi tano, akaniambia, akizihesabu kwa vidole vyangu mwenyewe: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ya mume. Kile kidole cha mwisho alikibana sana. Ndoa ile ilidumu miaka minne. Nilipoachika, kuna jamaa aliyekuja kutupa pole, akakaa, akanywa chai, na alipokuwa akivaa viatu akasema, "Wasia ulisomewa, lakini hukuzingatia." Tangu siku hiyo sikuufungua.

Nikaufungua usiku ule kwa mwanga wa simu.

*Negema wangu binti,*
*mchachefu wa sanati,*
*upulike wasiati,*
*asaa ukazingatia.*

Upulike, yaani usikilize. Mama aliposikia ubeti huo alijiinua akakaa kitako, akaufunika mguu na kanga vizuri, kama mgeni wa heshima kaingia. Midomo yake ilikuwa ikitembea pamoja nami. Nikasoma. Nilipofika kwenye radhi tano nikazisoma, kwa sababu haziwezi kukwepeka, kisha nikafunua karatasi nne kwa pamoja. Beti za mume nikaziruka, zote, nikatua kwenye dua. Midomo ya mama ikasimama. Akangoja. Halafu ikaanza tena kunifuata huku mbele nilikofika.

"Tumekwisha?" akauliza mwishoni.

"Tumekwisha, mama."

"Haya. Kesho nisomee chako."

*

Chako, yaani kitabu changu. Wakati huo nilikuwa nimeletewa *Peponi* kutoka Mombasa. Ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948, aliyekwenda Uingereza akiwa kijana na akapewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Kitabu chenyewe kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Kiswahili chake, kilichotafsiriwa na Ida Hadjivayanis, kikatoka 2022. Nilimweleza mama haya yote kabla ya kuanza, na akaniuliza swali moja tu: kwa nini mtu wa Unguja aandike Kizungu? Nikamwambia huko ndiko alikoishi, ndiko alikosomea. Akasikiliza ukurasa wa kwanza na wa pili, kisha akasema, "Basi amerudi."

Kisa kinaanza na mtoto, Yusuf, wa miaka 12. Baba yake ana hoteli katika mji mdogo, na kila mara anakuja tajiri mmoja, Aziz, mtu wa misafara, anayenukia vizuri na anayemwachia mtoto sarafu kila akiondoka. Yusuf anamdhania ni jamaa yao. Siku moja anaambiwa atasafiri na tajiri huyo, anapandishwa gari la moshi, anakwenda. Mimi nilikuwa nasoma kwa raha zangu, naona safari.

"Ngoja," mama akasema. "Amewekwa rehani."

"Nani?"

"Mtoto. Babake ana deni. Amemweka rehani."

Nikamwambia hapana, hakuna mahali palipoandikwa hivyo. Tukaendelea. Kurasa nyingi mbele, kijana wa dukani anayeitwa Khalil anamfumbua macho Yusuf: huyu si jamaa yako, huyu ni bwana wako, na uko hapa kwa sababu baba yako anadaiwa. Nikashusha kitabu. Mama hakusema kitu cha kujisifu, alikuwa anamsikitikia mtoto. Lakini mimi nilijua kwamba ningekuwa peke yangu ningefika pale nikashtuka, nikaona mwandishi ni fundi, nikapita. Yeye alijua tangu sarafu. Neno rehani alilisikia utotoni likisemwa juu ya watu na mashamba, na lilikuwa bado linaishi kichwani mwake na uzito wake wote.

Nikaanza kusoma polepole. Si kwa kupenda. Sauti yenyewe hukuzuia. Huwezi kuruka maelezo mtu anapokungoja. Isitoshe, njia yetu ya Mkomani ni nyembamba, punda wawili wakikutana mmoja lazima arudi nyuma, na kila punda akipita na mzigo wa mchanga au matofali, hapana budi unyamaze mpaka kwato ziishe. Katika kunyamaza huko ndipo mama anapouliza. Huyo Khalil ana dada, dada yake yuko wapi? Huyo mama yake Yusuf, alilia au alitoka nje? Maswali yake mengi yalikuwa ya watu walioachwa nyuma na kisa. Dada wa Khalil, Amina, anakuja kutokea baadaye, na hali yake ndiyo inayouma kuliko zote. Mama alikuwa amemuulizia wiki mbili kabla.

Kuna bustani katika kitabu hiki, bustani ya tajiri, imezungushiwa ukuta, na katikati kuna birika linalotoa mifereji minne. Niliposoma mifereji minne mama akaisoma aya ya Kurani inayotaja mito ya peponi: wa maji, wa maziwa, wa mvinyo, wa asali. Nimesoma chuoni kama yeye. Aya hiyo nimeipita mara nyingi. Lakini jicho langu lilipopita juu ya mifereji ile kwenye ukurasa lilikuwa linatafuta mtu wa kusema kitu.

Na usiku tulipofika kwa mke wa tajiri, Zulekha, anayemtamani Yusuf na kumwita ndani kwa kisingizio cha dua, mama alikuwa amekwisha kukaa wima. Yusuf anakimbia, mwanamke anamshika shati.

"Limepasuka mbele au nyuma?"

Nilikuwa bado sijafika hapo. Nikasoma mstari unaofuata. Nyuma.

"Basi hana makosa," akasema, akalala. Ni Sura Yusuf, sura ya 12, kanzu iliyochanwa kwa nyuma iwe ushahidi wa mwenye kukimbia. Mwandishi ameificha humo waziwazi, kwa ajili ya msikilizaji kama mama yangu, na kwa miaka 28 msikilizaji huyo alikuwa nje ya mlango.

Hili limenikaa sana. Nilikuwa naamini kitabu kimo ndani ya kitabu. Sasa naona kwamba nusu yake imo kwa anayesikiliza, katika sura alizohifadhi, madeni aliyoyasikia, watoto aliowaona wakichukuliwa. Mimi nina herufi, na mama ana hiyo nusu nyingine. Miaka yote hiyo tumekaa nyumba moja hatujawahi kuziweka pamoja.

*

Safari ya kwanza ya hospitali iliangukia katikati ya *Peponi*. Sukari ilikuwa imeshuka, tukapewa tarehe. Kwenda kutibiwa Mombasa kutoka huku si jambo dogo kwa mtu wa miaka sabini na ushei asiyeona: kuna ngazi za gatini zenye ukoga, kuna boti ya kuvuka hadi Mokowe kabla jua halijatoka, kisha basi, Witu, Garsen, Malindi, vizuizi njiani, mpaka magharibi. Tukalala kwa jamaa. Asubuhi tukafika hospitali, mama amefuata masharti yote, tukaketi kwenye benchi saa sita nzima, kisha tukaambiwa mashine imeharibika tangu juzi. Juzi, nasi namba ya simu tuliiacha. Nilisema maneno pale dirishani ambayo siyajutii, kwa sababu mwanamke mzima alikuwa amevushwa bahari na kuketishwa bila chakula, na hakuna aliyekuwa tayari hata kumwomba radhi.

Lakini katika saa zile sita, ili mama asisinzie, nilitoa kitabu. Tulikuwa kwenye msafara, wapagazi wamechoka, wanakaribia kwa Chatu, yule mtemi atakayewanyang'anya mali. Nilisoma kwa sauti ya chini, mdomo karibu na sikio lake. Benchi lile lilikuwa la wagonjwa wa macho, wengine wamefungwa bendeji, wengine wamevaa miwani myeusi. Mzee mmoja wa mwisho kule akasema, "Ongeza sauti, dada. Na sisi tumo safarini." Nikaongeza. Muuguzi alipopita na karatasi zake akasimama nyuma yangu ukurasa mzima. Mwanamke mmoja alipoitwa jina aliniomba nimwekee alama alipoishia, amtume mwanawe akitafute.

Tulirudi Lamu macho yaleyale.

*

Filamu ndizo zilinipa tabu. Mpwa wangu ana laptopu, na siku za likizo huja kulala kwetu. Alitaka tuangalie *Supa Modo* ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018: mtoto wa kike anaumwa ugonjwa usio na dawa, anapenda mashujaa wa sinema, na kijiji kizima kinakubaliana kumfanya aamini kwamba ana nguvu kama zao. Nikajitolea kumsimulia mama. Nilisema kila kitu: sasa anatembea, sasa kuna mti, sasa amevaa shuka mgongoni. Mama akanigusa goti. "Nyamaza, nisikie."

Nikanyamaza. Ikanichukua filamu nzima kujua niseme nini na niache nini. Mlango unaofunguka, mama anausikia. Mtoto akicheka, anasikia. Asichosikia ni nani ameingia na nani anamtazama nani. Basi nikawa nasema hayo tu. Na swali lake, kila watu wakimzunguka mtoto kwa shangwe, lilikuwa hilohilo: "Na mamake?" Namtazama mama wa mtoto kwenye kioo, namweleza uso wake. Nisingemtazama. Kamera inamfuata mtoto, na macho yangu hufuata kamera. Mwisho wa filamu hiyo tulilia watatu, na mpwa wangu, wa miaka 13, hakujificha.

Ya pili tuliangalia mimi na mama peke yetu. *Vuta N'kuvute* ya Amil Shivji, iliyotoka mwaka 2021 na ikaonyeshwa mpaka tamasha la Toronto. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi. Unguja ya miaka ya 1950, chini ya Mwingereza. Yasmin, msichana wa Kihindi, ameozwa mzee, anatoroka, anapokewa mtaani Ng'ambo na Mwajuma, na anaingia katika mapenzi na siasa za Denge, kijana anayepigania uhuru. Kiswahili chake ni cha Unguja, mama alikifurahia sana. Ilikuwa usiku wa mvua, tumefunga mlango wa nje, laptopu tumeiweka juu ya mto.

"Amekwenda?" mama akauliza Yasmin alipomwacha mume.

"Amekwenda."

"Peke yake?"

"Peke yake, mama. Amekwenda kwa shoga yake."

"Alikuwa na pa kwenda," akasema.

Mimi nikaendelea kutazama. Filamu ile ina vimya virefu, watu wanatazamana tu, na mimi namnong'oneza nani anatazama wapi. Nilipogeuka kumwambia kitu nikaona mama hayuko tena kwenye filamu. Nikaisimamisha.

Akanisimulia. Alikuwa na miaka 16, anacheza uani na wenzake, akaitwa akaogeshwa. Hakuambiwa kwa nini. Aliona kanga mpya akadhani kuna harusi ya mtu. "Babako alikuwa mtu mwema," akasema, "hata leo namwombea. Lakini sikuulizwa." Nimeishi na mama miaka arobaini, nimezaliwa na ndoa hiyo, na neno hilo sikuwahi kulisikia. Mvua ilikuwa inapiga bati la jirani. Sikujua niseme nini, nikamshika mkono, ule wenye kidole gumba kigumu kwa sindano.

"Siku ile uliziruka," akasema.

"Zipi?"

"Beti za mume. Nalijua. Nalikuacha."

Nikamwambia kwa nini. Nikamwambia habari ya yule jamaa na viatu vyake, jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwamba usiku wa kuamkia harusi yake, mama yake alimsomea utendi wote kwa moyo, bila karatasi, na kwamba sauti haikumtetemeka kwenye beti za mume. Ilimtetemeka mwanzoni kabisa, pale Mwana Kupona anaposema maradhi yamemshika hata mwaka umetimu, na hakupata kumwambia binti neno jema. "Nyinyi mwasoma mume," mama akasema. "Mimi nasikia mgonjwa. Mwanawe ni mdogo, yeye yuwafa, amwache na nani? Ampa alicho nacho."

Wapo wataalamu walioandika mengi juu ya utendi huu, wapo wanaoona ndani yake utii mtupu na wapo wanaoona hekima ya mwanamke anayemfundisha mwenziwe jinsi ya kuishi na wenye nguvu. Nimesoma baadhi yao. Sijaafikiana na beti zile, na sidhani nitaafikiana. Kuna mistari humo ambayo nisingempa binti yangu kama ningekuwa naye. Lakini chuki niliyokuwa nayo ilikuwa ya yule mgeni wa chai, na nilikuwa nimembebesha mwanamke wa Pate aliyekuwa kitandani anakufa. Usiku ule mama alizikariri zile nilizoziruka, zote, kwa sauti yake, na mimi nikapulika. Filamu tulimalizia kesho yake.

*

Mara ya pili sukari ilipanda tena, tukarudishwa. Mara ya tatu, kaskazi ikiwa imerejea, alipasuliwa jicho la kulia. Aliingia, nikasoma kurasa chache bila kuelewa hata moja, akatoka na kitambaa juu ya jicho. Kesho yake kikatolewa. Alinitazama kwa muda mrefu sana, akanigusa pembeni mwa kichwa.

"Una mvi."

"Ndiyo, mama."

"Hukunambia."

Jicho la pili bado, inshallah mwezi ujao. Kofia ile ameirudia, ingawa daktari amemkataza kuinama, naye anaiinua kofia hadi usoni ili asiiname.

Juma lililopita aliniita tena, nikadhani ni uzi. Alikuwa amefungua sanduku lake, lile la mbao la chini ya kitanda, na mapajani ana daftari lililofungwa kwa kitambaa cha leso kuukuu. Ni la nyanya. Ameliandika kwa mkono wake, wino umegeuka rangi ya kahawia, herufi za Kiarabu tangu mwanzo hadi mwisho. Nililiona utotoni nikidhani ni dua. Ni utendi wote wa Mwana Kupona.

"Ndoo," mama akasema, yaani njoo. "Yeo wasoma wewe."

Nikakaa chini karibu naye. Kurani naisoma, lakini Kiswahili cha herufi hizi ni jambo jingine. Kiarabu hakina pa, na waandishi wa zamani waliandika ba palepale, msomaji ajijue. Irabu za Kiarabu ni tatu, za Kiswahili tano, kwa hivyo alama moja yaweza kuwa i na yaweza kuwa e, nyingine yaweza kuwa u na yaweza kuwa o. Huwezi kulisoma neno mpaka uwe umekwisha kulisikia kwa mtu. Ubeti wa kwanza najua unavyosema, ningeweza kuukariri bila kutazama, lakini mama aliufunika kwa kiganja, akauacha mstari mmoja tu, akaweka kidole chini ya neno la kwanza la mstari huo. Kidole kimetulia, na jicho lake jipya liko juu ya wino.

"Ubuliki," nikasoma.

"Rudia."

Nikarudia, ikatoka vilevile. Njiani punda alikuwa anapita, tukangoja kwato ziishe.

"Upulike," mama akasema.